Maswali ya kemia ambayo kila msimu wa mtihani yanarudi (kidato cha nne)

Nimekusanya hapa maswali ambayo wadogo zangu wa twisheni wananiuliza kila mwaka mtihani ukikaribia, na majibu nimeandika kama navyoyaongea tukiwa tumekaa na daftari. Necta ndo naijua zaidi, ila wa Kenya mnaojiandaa na KCSE mtajikuta humu pia, pale mambo yanapotofautiana nimesema. Kama swali lako linategemea jingine nimekuwekea namba, rudi usome huko kwanza.

## Kabla hujafungua daftari

1. Muda umebaki mdogo, nianze na topiki gani?

Anza na moli (kipimo cha idadi, nimekielezea swali la 7). Najua wengi wanaiacha mwisho kwasababu inatisha, wanakimbilia uchafuzi wa mazingira na matumizi ya haidrojeni kwasababu yanasomeka kama hadithi, lakini moli ndo inaingia kwenye titresheni (kupima asidi kwa besi mpaka zimalizane), inaingia kwenye gesi, inaingia kwenye elektrolisisi (kutenganisha kitu kwa umeme), inaingia kwenye kutafuta fomula, yani ukiikwepa unaikuta tena mbele mara nne. Ukitoka hapo shika majaribio ya kutambua chumvi, maana praktiko ina pepa lake peke yake. Mengine yote yanafuata, na ya kukariri kariri yaache wiki za mwisho ndo hayatoki kichwani.

2. Mtihani ni Kingereza, nikielewa kwa Kiswahili si nitajichanganya?

Hapana. Kinachokuchanganya ni kukariri sentensi ya Kingereza ambayo hujui inasema nini, swali likigeuzwa kidogo tu umekwama. Mimi nawaambia hivi, mweleze mwenzako kwa Kiswahili mpaka yeye aelewe, halafu funga mdomo uandike kwa Kingereza sentensi mbili, halafu linganisha na daftari. Majina ya vitu yaandike kwa herufi sahihi kabisa, hasa ya kaboni yenye haidrojeni kwasababu herufi moja tu inageuza kitu, ethane na ethene ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina tabia zake.

Na soma amri ya swali. Ukiambiwa utaje, taja tu upite. Ukiambiwa ueleze kwanini, lazima sababu iwepo, kuandika "sodiamu ni kali kuliko lithiamu" hakujajibu, inabidi useme elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini kwa hiyo inatoka kirahisi.

## Atomu, alama na fomula

3. Namba ya atomu na namba ya masi zinanichanganya, ipi ni ipi?

Namba ya atomu ni idadi ya protoni, na ndo kitambulisho. Ukibadilisha protoni umebadilisha elementi yenyewe. Namba ya masi ni protoni ukijumlisha na nyutroni. Elektroni hazihesabiwi kwenye masi kwasababu ni nyepesi mno. Sodiamu ni 11 na 23, kwa hiyo protoni 11, nyutroni 12, na ikiwa haina chaji elektroni ni 11 zimepangwa 2:8:1. Ikishapoteza ile moja ya mwisho inakuwa ioni, elektroni zinabaki 10 lakini protoni bado ni 11, na hapa ndo watu wanakosea, wanapunguza protoni.

4. Kama nyutroni haziwezi kuwa nusu, mbona klorini ni 35.5?

Kwasababu hiyo sio masi ya atomu moja, ni wastani. Klorini ipo ya 35 na ipo ya 37, protoni zote 17, ila nyutroni ni 18 na 20, ndo isotopu hizo. Katika kila atomu 100 takribani 75 ni za 35 na 25 ni za 37. Piga: 35 mara 75 ni 2625, 37 mara 25 ni 925, jumla 3550, gawa kwa 100 unapata 35.5. Hutaipata atomu hata moja ya klorini yenye masi 35.5.

5. Mbona sodiamu ni Na, chuma ni Fe, potasiamu ni K?

Ni Kilatini. Natrium, ferrum, kalium. Hivohivo shaba Cu ni cuprum, risasi Pb ni plumbum, fedha Ag ni argentum, dhahabu Au ni aurum. Hapa hakuna ujanja mwingine, kariri.

6. Nikibalansi ikwesheni inakataa, nafanyaje?

Kosa la kwanza ni kugusa vile vinamba vidogo vya chini. Usiviguse kabisa, H2O ukiifanya H2O2 hujabalansi, umetengeneza kitu kingine ambacho sio maji. Unaruhusiwa kuweka namba mbele tu.

Kosa la pili ni kuanza na oksijeni. Iache mwisho. Chukua gesi ya mtungi ya kupikia, ndani yake kuna propane na butane, tuchukue propane, yani C3H8, ikiungua na oksijeni inatoa CO2 na maji. Kaboni ni 3 kwa hiyo weka 3CO2. Haidrojeni ni 8 kwa hiyo 4H2O. Sasa hesabu oksijeni kulia, 6 na 4 ni 10, kwa hiyo kushoto 5O2. Imeisha: C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, bromini na iodini zikiwa peke yake zinatembea mbilimbili. Ukiandika O peke yake ikwesheni yote imeharibika hata kama hesabu inalingana.

## Moli

7. Hivi moli ni nini hasa? Kila mwalimu anasema lake

Moli ni idadi. Basi. Sio uzito wala sio ujazo. Kama vile trei ya mayai ni 30, moli ni vitu 6.02 × 10^23. Trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware zote ukiweka 30 ni 30, ila ukizipima kwenye mizani hazilingani, si ndio? Ndo hivohivo moli moja ya kaboni ni gramu 12, moli moja ya maji ni gramu 18, moli moja ya CaCO3 ni gramu 100. Idadi ni ileile, uzito tofauti kwasababu kitu kimoja kimoja kina uzito tofauti.

Mtu anaweza kuuliza kwanini namba kubwa hivyo. Kwasababu atomu ni ndogo mno, hatuwezi kuzihesabu moja moja, tunazipima kwa mizani halafu tunajua idadi, kama muuza misumari anavyokupimia kwa kilo badala ya kuhesabu. Na sababu ya kutaka idadi ni kwamba atomu zinaungana kwa idadi, hazijali gramu. Hili ukilielewa vizuri hapa, maswali ya 10, 11 na 13 yatakuwa mepesi.

8. Fomula za moli ziko nyingi, natumia ipi wakati gani?

Angalia swali limekupa nini. Limekupa gramu, gawanya kwa masi ya fomula. Limekupa ujazo wa gesi, gawanya kwa ujazo wa moli moja (swali la 9). Limekupa solusheni, zidisha molariti (moli ngapi ziko kwenye dm3 moja) kwa ujazo ukiwa kwenye dm3, na hapa jamani kumbuka 25 cm3 ni 0.025 dm3, hilo nalisahihisha kwenye madaftari kila mwaka. Limekupa idadi ya chembe, gawanya kwa 6.02 × 10^23.

Zote zinaingia mlango mmoja unaoitwa moli, ukishaingia ndani unaangalia ikwesheni, halafu unatoka kwa mlango unaoulizwa. Usijaribu kuruka kutoka gramu za hiki kwenda gramu za kile bila kupita hapo.

9. Ujazo wa gesi ni 22.4 au 24?

Vyote viko sawa, hali ndo inatofautiana. 22.4 dm3 ni kwa gesi ikiwa nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa kawaida wa hewa, 24 dm3 ni kwa joto la chumbani. Gesi ikipata joto inatanuka kwa hiyo 24 ni kubwa, ina mantiki. Maswali ya Tanzania mengi yanatumia 22.4, ya Kenya utakutana sana na 24, na kawaida wanakuandikia. Soma karatasi inasema nini, usitoe kichwani.

10. Nipe mfano mmoja wa kutumia uwiano ambao sitausahau

Sawa, tuchukue chokaa. Watu wa pwani wamechoma chokaa miaka mingi sana, matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, kinachobaki ndo kilichojenga nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni CaCO3. Moto unafanya hivi:

CaCO3 → CaO + CO2

Swali: ukichoma kilo 50 za CaCO3 safi unapata kilo ngapi za CaO? Kilo 50 ni gramu 50,000, gawa kwa 100, moli 500. Ikwesheni inasema moja inatoa moja, kwa hiyo CaO nayo ni moli 500. Masi ya CaO ni 40 na 16, yani 56. Zidisha, gramu 28,000, kilo 28. Zile 22 hazijapotea, zimepanda hewani kama CO2, na ukitaka kuhakikisha chukua moli 500 zidisha kwa 44 utapata kilo 22 kamili. Uzito ulioingia ni uzito uliotoka.

Halafu fundi anamwagia maji ile chokaa, inachemka yenyewe inatoa mvuke bila moto, hapo CaO imeungana na H2O kuwa Ca(OH)2 na joto limetoka, ndo reaksheni inayotoa joto unayoisoma darasani. Na ikishapakwa ukutani inavuta CO2 kidogo kidogo kutoka hewani inarudi kuwa CaCO3, ndo maana ukuta unakuwa mgumu kadri siku zinavyoenda. Reaksheni tatu za silabasi kwenye ukuta mmoja, mimi kila nikipita kwenye nyumba za hivyo nawaonyesha wanafunzi wangu.

## Praktiko: titresheni

11. Nini kinasuuzwa na maji na nini kinasuuzwa na solusheni?

Bureti suuza na maji halafu na asidi inayoingia humo. Pipeti suuza na maji halafu na besi yake. Flaski suuza na maji peke yake, na wala usihangaike kuikausha.

Sababu yake rudi swali la 7, ni idadi. Bureti ikiwa na maji ndani inazimua asidi yako, kwa hiyo kila cm3 inabeba moli pungufu na utatumia asidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Pipeti ikiwa na maji, ile 25 cm3 unayoipeleka imebeba moli pungufu. Lakini flaski ikiwa na maji chini haidhuru, kwasababu moli umeshazipima kwenye pipeti, ziko palepale hata uongeze maji. Kinyume chake ukiisuuza flaski na besi, matone yaliyobaki yanaongeza moli ambazo hujazipima. Ukielewa hivi hata wakigeuza swali kwenye pepa la nadharia unajibu tu.

Tone la mwisho linalobaki kwenye ncha ya pipeti usilipulize, pipeti imepimwa ikijua hilo tone linabaki.

12. Natumia MO au POP?

Hizi ni indiketa, vitu vinavyobadilisha rangi, MO ni methyl orange na POP ni phenolphthalein. Asidi kali na besi kali, yoyote. Asidi kali na besi dhaifu kama Na2CO3, tumia MO. Asidi dhaifu na besi kali, mfano asidi ya siki na NaOH, tumia POP. MO ni njano kwenye besi, nyekundu kwenye asidi, unasimamia pale inapogeuka rangi ya chungwa. POP ni pinki kwenye besi, haina rangi kwenye asidi. Matone mawili matatu yanatosha. Indiketa zenyewe ni asidi au besi dhaifu, ukijaza nyingi zinaingilia kipimo chako.

13. Hesabu ya titresheni inaendaje mwanzo mpaka mwisho?

Tuseme 25 cm3 za Na2CO3 zimetumia 20 cm3 za HCl yenye molariti 0.1, utafute gramu za Na2CO3 kwenye dm3 moja.

Ikwesheni kwanza: Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2. Moli za HCl ni 0.1 mara 0.020, yani 0.002. Kila HCl mbili zinakula Na2CO3 moja, kwa hiyo moli za Na2CO3 ni 0.001. Hizo ziko ndani ya 0.025 dm3, gawanya unapata 0.04. Masi ya fomula ni 106, zidisha na 0.04, jibu gramu 4.24 kwa dm3. Mtu aliyesahau ile 2 ya uwiano angepata 8.48, hesabu safi kabisa na jibu limekosewa.

14. Namba zangu hazifanani, niziweke sawa tu?

Usipike namba. Ya kwanza ni ya majaribio, inaruhusiwa kupitiliza, kazi yake ni kukuonyesha rangi inageukia wapi na huiingizi kwenye wastani. Zinazofuata zikipishana zaidi ya 0.2 rudia kama solusheni inatosha. Sababu kubwa ni kufungulia bureti kwa kasi mwishoni badala ya tone kwa tone, na kusoma jicho likiwa juu au chini. Jicho liwe usawa, soma chini ya mkunjo wa maji, andika desimali mbili, 20.00 sio 20.

## Praktiko: kutambua chumvi

15. Ile meza ya majaribio ni ndefu, naikaririje?

Usiikariri yote, itafune kwa makundi. Kwanza tazama rangi kabla hujafanya chochote. Bluu fikiria shaba. Kijani hafifu fikiria chuma cha mbili (Fe2+). Kahawia au njanonjano fikiria chuma cha tatu (Fe3+). Nyeupe ndo inabaki na wengi, hapo moto na NaOH vinakusaidia.

Kwenye mwali wa moto sodiamu ni njano ya dhahabu, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu nyekundu ya tofali, shaba kijani chenye bluu.

Watatu wanaosumbua ni zinki, aluminiamu na risasi, wote wakiwekewa NaOH wanatoa mashapo meupe na ukizidisha NaOH yanayeyuka. Watenganishe kwa amonia: zinki peke yake ndo mashapo yanayeyuka ukizidisha. Wakabaki aluminiamu na risasi, wawekee KI (potasiamu iodaidi), risasi inatoa njano inayong'aa. Kalsiamu nayo inatoa meupe kwenye NaOH lakini hayayeyuki hata uzidishe. Na shaba ukizidisha amonia inatoa bluu nzito, ukiiona mara moja hutaisahau.

16. Niliambiwa mashapo yanayeyuka, mimi sikuona mashapo kabisa. Nimekosea wapi?

Ulimwaga nyingi kwa mkupuo, ukapita hatua ya kwanza bila kuiona. Tone kwa tone, tikisa, tazama, ndo uzidishe. CO2 kwenye maji ya chokaa nayo iko hivyo, inaanza kuwa kama maziwa kwasababu CaCO3 imejitokeza, ukiendelea kupitisha gesi inarudi kuwa angavu kwasababu imegeuka Ca(HCO3)2 ambayo inayeyuka.

17. Nimepata chumvi sahihi lakini maksi kidogo, kwanini?

Kwasababu maksi ziko kwenye ulichokiona, sio jina peke yake. Safu ya ulichokiona andika macho yaliona nini, mapovu, rangi, mashapo, na sio "CO2 imetoka", hiyo ni ya safu ya maana yake. Usiandike "haina rangi" ukimaanisha nyeupe, maji hayana rangi, maziwa ni meupe. Na ukipasha moto subiri ipoe uandike tena, zinki oksaidi ni njano ikiwa ya moto na nyeupe ikipoa, aliyeondoka mapema amekosa nusu ya ushahidi.

## Yanayochanganya hata waliosoma vizuri

18. Asidi kali na asidi iliyokolea si kitu kimoja?

Sio kitu kimoja. Ukali ni kiasi gani molekuli zinagawanyika kuwa ioni, kukolea ni moli ngapi ziko kwenye dm3. HCl hata ukiizimua kwa maji mengi bado ni asidi kali, imegawanyika yote. Asidi ya siki hata ikiwa imekolea bado ni dhaifu, zilizogawanyika ni chache. Tembo la mnazi likikaa linageuka siki, hiyo ndo asidi tunayosema, unaitia kwenye kachumbari, ila ile iliyokolea ya maabara inaunguza ngozi ingawa ni dhaifu. Kwa hiyo usipime hatari kwa neno "dhaifu".

19. Elektrolisisi ya CuSO4 majibu yanabadilika badilika, lipi sahihi?

Angalia elektrodi. Zikiwa za shaba, anodi (upande chanya) inalika, kathodi (upande hasi) inanenepa, na bluu inabaki vilevile kwasababu ioni zinazotoka upande mmoja zinajazwa na upande mwingine. Zikiwa za kaboni, anodi haina cha kutoa, oksijeni inatoka pale, shaba inaganda kathodi, bluu inafifia na solusheni inakuwa asidi.

Chumvi ya kawaida NaCl nayo ina mtego wake, ikiwa imekolea anodi inatoa klorini, ikiwa nyepesi sana inatoa oksijeni. Kathodi inatoa haidrojeni hali zote mbili, sodiamu haitoki kwenye maji.

20. Na hesabu za Faraday?

Ni moli tena, ila safari hii unahesabu elektroni. Ampea mara sekunde unapata kulombu, kulombu 96,500 ni moli moja ya elektroni. Mfano 0.5 A kwa dakika 32 na sekunde 10, hiyo ni sekunde 1930, kulombu 965, moli 0.01 za elektroni. Shaba inahitaji elektroni 2 kwa kila ioni, kwa hiyo moli 0.005 za shaba, zidisha 64 unapata gramu 0.32. Kama karatasi imekupa 63.5 tumia hiyo hiyo waliyokupa. Na dakika geuza ziwe sekunde kabla ya chochote.

21. Nikimwagikiwa na asidi katikati ya praktiko nifanyeje?

Maji mengi, hapohapo, ya bomba yanayotiririka, halafu mwite msimamizi, usione aibu na usifikirie muda kwanza. Usipake magadi wala NaOH kwenye ngozi eti ikaue asidi, ile reaksheni inatoa joto juu ya kidonda. Na ukiambiwa uzimue asidi ya salfa iliyokolea, asidi ndo inaingia kwenye maji polepole huku unakoroga, usimwage maji kwenye asidi, joto linalotoka linachemsha maji ghafla na yanaruka na asidi mpaka usoni.